Mkwe Juu ya Mninga

Mtu mwenye akili zake hapandi mti ulio uani kwa mama mkwe. Shibuda alilijua hilo vizuri, akavua viatu, akapanda.

Angefanyaje? Machipukizi ya mninga hayana subira. Yakiwa bado yamefumba, magumu, yananata utomvu, ndipo yalipomfaa, kabla kemikali alizokuwa akizichunguza na wenzake katika maabara kule Mwanza hazijabadilika. Inyeshe mvua moja tu hapa Bisibo, yote yanageuka majani, kwaheri mpaka mwakani. Msimu uliopita kiini kilichokamuliwa kwenye machipukizi ya mti huuhuu kilikuwa kimezuia chembe za saratani ya matiti zisikue ndani ya vichupa vya maabara. Watu walimshangilia, akawakatiza: hiyo si dawa, jibu la mara moja ni uvumi, lazima lirudiwe. Na leo mawingu yalikuwa yameshajikusanya.

Kikwazo kilikuwa mila. Kwa Wasukuma wa mtaa ule, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Tangu harusi, miaka mitatu nzima, salamu zao zilipitia kwa Diana, mkewe. Ndiyo maana Diana alimchukua mama yake asubuhi kwenda gulioni Nyarubungo, akaahidi kumchelewesha. Masikini Diana! Mama mkwe huyo, Mama Limi, hacheleweshwi na mtu.

Shibuda alikuwa juu kabisa, mfuko wa machipukizi shingoni, aliposikia kikohozi anachokijua. Akatazama chini, akaona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe. Kuwa juu ya utosi wake! Akakumbatia tawi, akafumba macho kwa aibu, na hakuthubutu kutazama chini tena.

Akasikia kigoda kikiburutwa mpaka shinani. Akasikia maharage yakianza kupukuchuliwa. Jua likapenya mawingu, likawaka, na kisanduku chake cha barafu alikuwa amekiacha shinani, chini ya mti usio na majani, pasipo na kivuli. Barafu ikiyeyuka, machipukizi yatachacha njiani, na kazi ya mwaka imekwenda na maji. Alitaka kulia.

"Wewe mbuzi," sauti ya Mama Limi ikasema.

Mbuzi wa pale uani akalia mee.

"Hebu niulizie huyo ndege wa juu, hayo anayochuma ni ya ugonjwa ule wa titi?"

Kumbe alijulikana tangu mwanzo! Basi Shibuda naye akamwelekea mbuzi. "Mbuzi, mwambie Mama ndiyo. Lakini bado tunatafuta. Huenda tusipate kitu."

Mama Limi akaweka maharage kando.

"Mwambie mdogo wangu aliondoka na ugonjwa huo. Sikuwa na la kumfanyia ila kumshika mkono." Akavuta khanga usoni. "Mwambie achume. Hata kama hawatapata kitu, achume. Na akimaliza ashuke, mimi nimejifunika khanga, sioni mtu."

Shibuda alichuma huku machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka, vyote pamoja. Mfuko ulipojaa alishuka, akakimbilia kisanduku. Hakikuwepo shinani. Kilikuwa kivulini mwa ghala, kimefunikwa gunia lililoloweshwa maji, na mbuzi amefungwa mbali nacho asije akalitafuna. Alipofungua, barafu ilimng'aria. Kumbe wakati wote ule aliokuwa ameng'ang'ania tawi juu, mwenye mti alikuwa ameshamlindia kazi yake.

Akapanga machipukizi ndani, akafunga, akavaa viatu. Kwenye kigoda, khanga nyekundu ilikuwa imetulia kama mzigo uliosahauliwa. Furaha ilimjaa kifuani, na Diana wa kuifikisha alikuwa bado gulioni. Akamgeukia mbuzi, akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo."

Mbuzi akaendelea kutafuna. Khanga ikatikisika, ikacheka kidogo, kisha ikajibu yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Wahi, mvua inakuja."