Watoto wa Kuazima

Mkurugenzi wetu alinipigia simu tukiwa njiani, mjini Balaka, akapiga tena gari lilipokwama kwenye matope. Neno lake lilikuwa lile lile: "Zione, nataka watoto wanene. Mashavu! Gazeti la Jumamosi halitaki takwimu, linataka mashavu."

Mashavu yalikuwepo, nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Shirika letu lilipoanza kupika uji wa soya na karanga pale kijijini Chimbalanga, watoto walikuwa mbavu tupu. Sasa walikuwa wanakimbizana na kupigana kama watoto wengine. Nilihangaika mwezi mzima kumpata mwandishi wa kuja kuiona habari hiyo, maana waandishi ukiwatajia uji wanapiga miayo. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni. Habari ikitoka vizuri, nabaki kazini. Isipotoka, kila mtu ashike njia yake. Na ikitoka vizuri, Chimbalanga itahesabiwa kuwa imefaulu, na masufuria yahamie wilaya nyingine. Huo ndio utaratibu wetu. Sikuwahi kukaa nikaufikiria.

Wanawake walitupokea kwa nyimbo. Viti vikaletwa, na Nyakwawa Nambewe, mama mkuu wa kijiji, akapiga goti na kutupigia makofi ya heshima. Kisha watoto wakaletwa mbele ya Wongani, mwandishi wangu wa kubembeleza, na kamera yake.

Walikuwa wembamba, nywele zimefifia rangi, macho makubwa usoni. Sikumtambua hata mmoja.

"Agogo," nikamwambia Nyakwawa, kama tunavyowaita bibi zetu, "hawa ni akina nani?"

"Watoto wetu, mwanangu. Si unaona hali zao? Uji bado hautoshi."

"Agogo! Juzi tu nilimbeba mjukuu wako mpaka mgongo ukaniuma. Yuko wapi?"

"Yule? Ameenda kwa mjomba wake."

"Na wenzake?"

"Nao wana wajomba."

Hapo hapo, kutoka nyumba iliyokuwa nyuma yetu, mtoto akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyeshiba, anayedai kitu chake. Wanawake wakaanzisha wimbo mwingine haraka haraka, kwa sauti ya juu kuliko ule wa kwanza.

Wongani akacheka. "Dada Zione, kumbe mjomba anakaa hapa hapa?"

Sikuona cha kuchekesha. Nilikwenda nikausukuma ule mlango, na watoto wa Chimbalanga wakamiminika nje, wanene, wamejipaka uji mpaka kwenye nyusi. Nilikasirika mpaka nikasahau adabu.

"Mnaniharibia kazi!" nikamfokea mama mtu mzima mbele ya watu wake. "Mimi nimewakosea nini?"

Nyakwawa hakuona haya hata kidogo. "Hujatukosea, mwanangu," akasema. "Bado."

Wongani alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto mmoja mwembamba, aliyeegemeza kichwa kwenye paja la mama yake. Akauliza jina la mtoto.

"Yankho," mama akajibu. "Sisi si wa hapa, achimwene, kaka yangu. Tumetoka Mpotola, ng'ambo ya mto. Hawa wenzetu wametuomba watoto kwa leo tu."

"Na huko kwenu uji hakuna?"

"Ulikuwepo. Mwaka jana wakaja waandishi, kama nyinyi hivi. Tuliwaogesha watoto, tukawapaka mafuta, tukaimba. Tukaambiwa tumefaulu." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Huyu alitokea gazetini. Kijiji kizima tulifurahi."

Gazeti hilo tumelitia kwenye fremu pale mapokezi, ofisini kwetu. Napita mbele yake kila asubuhi na kikombe changu cha chai. Nilimtazama Yankho, nikamtafuta yule mtoto wa kwenye fremu usoni pake, nikampata kwenye masikio tu.

Simu ikalia.

"Vipi, wanene wapo?" mkurugenzi akauliza.

"Wapo. Na wembamba wapo. Wembamba ni wa Mpotola, bosi, wale tuliowatangaza."

"Waambie wasogee pembeni," akasema. "Mpotola tulishafunga."

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia mkubwa wangu simu, na kazi niliitaka. Nina kodi, nina wadogo zangu wanaosoma. Lakini nilichoka ghafla na kazi yenyewe, na mkurugenzi, na hata Nyakwawa kwa kuwa na akili kunishinda.

"Andika yote," nikamwambia Wongani. "Andika kwamba hawa wembamba ndio waliofaulu mwaka jana. Na jina langu uliweke."

"Nitaandika, dada. Lakini mhariri amenipa nafasi ya picha moja tu. Nimpige nani?"

Nikamnyooshea kidole Yankho.

Mama yake akahangaika. Aliona aibu kumtoa mtoto mbele za watu namna ile. Akalowesha pembe ya chitenje alichojifunga kwa mate, akamfuta kamasi, akamweka wima.

"Cheka, mwanangu," akamwambia. "Unapigwa picha."

Na mtoto akacheka.