Kwetu Kuna Mgonjwa

Msusi wa mtaa ule walimwita Kipaza, na jina halikumkosea. Ukiingia saluni kwake, ulitoka na nywele mpya na habari za nyumba zote, kuanzia nani kaposwa hadi nani kahamishiwa sebuleni na mkewe. Benchi lake halikukauka watu. Wengine hawakuwa hata na nywele za kusukwa. Walikuja kukaa tu, kunywa chai ya mwenyeji na kuondoka na vya kusimulia.

Ndiyo maana muuguzi wa zahanati, alipotafuta mahali pa kuanzishia zoezi lake, hakwenda ofisini kwa Mwenyekiti. Alikwenda saluni.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumba moja ilijifanya imeingiwa na kipindupindu. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, akajaza kifua pumzi na kupaza sauti: "Kwetu kuna mgonjwa! Anahara na kutapika! Njooni!" Hapo mtaa mzima ulichomoka. Muuza mkaa alikuja na mkokoteni wake umeoshwa ukatakata. Fundi seremala alibeba kitanda cha turubai alichokitoboa tundu katikati, na ndoo ya kuweka chini ya tundu hilo. Huyu alikoroga maji ya chumvi na sukari, yule alitia dawa kwenye pipa la kunawia, mwingine alitimua mbio zahanati.

Na watu walicheka. Kucheka kulikuwa sehemu ya kazi, na sheria hiyo aliitunga Kipaza mwenyewe. "Chekaneni leo mpaka mbavu ziume," alikuwa akiwaambia. "Tanianeni, zomeaneni, tajeni choo. Aibu yote tuimalize siku ya uongo. Siku ya kweli ikija, isiwe imebaki hata ya kujaza kijiko."

Alijua anachosema. Mwaka wa mlipuko wa kipindupindu, mumewe alishikwa na tumbo chumba cha ndani. Mama mkwe alifunga dirisha na kufungulia redio mpaka mwisho, majirani wasisikie mtu anavyotapika. "Mwanangu si mtoto wa jalalani," alisema. "Tumbo tu hilo, litatulia." Kipaza wakati huo alikuwa mke mgeni, mwenye adabu zake, na kauli ya mama mkwe haikupingwa. Majirani walikuja kujua kwa kilio cha msiba.

Tangu hapo wanawake wale wawili hawakuligusia jambo lile. Walipika pamoja, wakala pamoja, wakasengenya pamoja, na kwa kusengenya Mama mkwe alikuwa hana mpinzani. Kipaza mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake. Lakini kila zamu ya nyumba yao ilipofika, bibi alikunja uso.

"Mlangoni pangu hasimami mtu kutangaza matumbo. Nikifa, mtafanya mnavyotaka."

Basi zamu ikarukwa. Mwezi mwingine ikarukwa tena.

"We Kipaza," muuza mkaa alimchokoza siku moja akiwa nusu kichwa kimesukwa, nusu kimetimka. "Matumbo ya mtaa mzima umeshayatangaza. La kwenu tunalisikia lini?"

"Inamisha kichwa, nikuvute vizuri," Kipaza alijibu, na benchi zima likaangua kicheko. Yeye alicheka nao, ila mikono yake ilisuka kwa hasira.

Siku hiyohiyo Mwenyekiti aliingia saluni. Jua lilikuwa la kuchemsha ubongo, lakini tai ilikuwa shingoni na koti juu yake. Wanawake walisogea, akakataa kukaa.

"Shikamooni," alisema kwa mzaha, maana wote aliwazidi umri. "Nisikilizeni. Jumamosi tunapokea mgeni mkubwa. Anakuja kufungua soko letu jipya, na atapita barabara hii hii. Nasikia na nyinyi mna mchezo wenu."

"Zoezi, Mwenyekiti," Kipaza alisema.

"Zoezi la kuhara?"

"La kutokufa."

"Kwani hapa kuna ugonjwa?"

"Bado."

"Basi hiyo 'bado' yako ndiyo siitaki! Mgeni akisikia neno hilo, soko halifunguliwi, biashara zinakufa, na mtanilaumu mimi."

Fundi seremala alikuwa mlangoni akirekebisha bawaba. Alitoa misumari mdomoni. "Na kipindupindu je, Mwenyekiti? Umeshakiarifu kwamba Jumamosi tuna mgeni?"

Watu walikufa kwa kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alitoka, akaenda kwenye stoo ya mtaa iliyopakana na saluni, mlimokuwa na kitanda, mapipa na dawa ya maji, akapachika kufuli jipya. Kisha akatia ufunguo mfukoni na kuupigapiga kwa nje, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Jumamosi zoezi lipo," Kipaza alimpigia kelele kutoka kizingitini, chanuo mkononi. "Ifunge hiyo stoo hata kwa misumari! Na huyo mgeni wako tutamnawisha mikono!"

"Tutaonana," alisema Mwenyekiti.

"Tutaonana sana!"

Ikafika Jumamosi. Barabara ilikuwa imefagiwa mpaka imeng'aa, vitambaa vya rangi vimening'inizwa, na mbele ya soko vijana walikuwa wakijaribu vipaza sauti. Kipaza alikuwa anafunga kilemba aende kwa muuza mkaa, maana zamu ilikuwa ya huko, aliposikia kitu kikianguka uani. Alimkuta Mama mkwe amekaa chini karibu na choo, mgongo ukutani, kanga imelowa. Macho yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi.

"Tangu saa ngapi, Mama?"

"Si kitu. Nimekula vibaya."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Usinikaripie."

Kipaza alivaa glavu zake za kupakia dawa ya nywele, akamwinua, akamlaza chumbani. Akakoroga maji ya chumvi na sukari, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Yalikaa kidogo, yakatoka. Akamnywesha tena. Yakatoka tena, na chini nako kukatoka, maji matupu, meupe kama yaliyooshea mchele.

"Naita watu."

Bibi alimshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi. "Ukiita, mimi si mama yako tena. Funga dirisha hilo."

Kipaza aliliangalia dirisha. Chumba kilikuwa kilekile. Hata redio ilikuwa ileile, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Alikwenda mlangoni, akafungua mdomo. Yeye aliyewafundisha watu wazima kupaza sauti, yeye aliyemwambia mwalimu mzima "Pumua kwa tumbo, sema kwa nguvu," sauti ilimgomea. Akajilaani moyoni, akafungua mdomo mara ya pili.

Mbele yake akasimama Mwenyekiti, tai mpya, marashi yanatangulia.

"Nimekuja kuwaomba mara ya mwisho kuhusu ule mchezo," alianza. Kisha akasikia mtu anatapika ndani. Akachungulia. Uso ukamshuka. "Mama yetu ana nini?"

"Unasikia mwenyewe ana nini."

Mwenyekiti alitazama barabarani, akatazama ndani, akashusha sauti. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyeogopa. "Mwanangu, nisikilize. Mgeni yuko njiani. Fungeni dirisha. Fungulieni redio kidogo, watu wasisikie. Akishapita naleta gari mimi mwenyewe, kimyakimya, na heshima ya mama inabaki palepale."

"Toka mlangoni pangu," Kipaza alisema.

Lakini ndani sauti nyingine ilikuwa imeshauliza, nyembamba, imekwaruzika.

"Nani kasema redio?"

Wote wawili waligeuka. Mama mkwe alikuwa ametoka kitandani. Anajikokota, mkono mmoja ukutani.

"Mama, lala!"

"Nishike."

"Mama, huna nguvu—"

"Nishike, nimesema! Wewe kazi yako kuongea tu, leo fanya kazi."

Kipaza alimshika kiunoni. Hatua kwa hatua walifika kizingitini, na bibi akaukamata mwimo kwa mikono yote miwili. Alimtazama Mwenyekiti kuanzia viatu mpaka tai.

"Dirisha hili nililifunga mwanangu akiwa ndani," alisema. "Redio niliifungulia mimi, kwa mkono huu. Watu walipita nje wakadhani tuna sherehe. Na wewe leo unaniletea heshima? Heshima hiyo nimeshaizika, kaburi lake nalipalilia mwenyewe."

Kisha akajaza kifua pumzi. Inaonekana miezi yote ile, akijifanya hataki kusikia, alikuwa akisikiliza.

"Kwetu kuna mgonjwa!" alipaza sauti. "Ni mimi! Nahara na kutapika! Njooni!"

Sauti haikuvuka hata barabara. Na hapo ya Kipaza ikafunguka, yote kwa pamoja, ikafunika vipaza sauti vya sokoni: "Kwetu kuna mgonjwa! Njooni! Njooni!"

Mtaa ulichomoka. Walikuja wakicheka kama ilivyo desturi, wakidhani zamu imebadilishwa, na muuza mkaa akija na mkokoteni alikuwa ameshaanza: "Leo ndiyo leo! Bibi kakubali kuvuliwa—" Akaona magoti ya bibi yanatetemeka. Kicheko kikakatika mtaa mzima.

Ila miguu haikukatika. Ilikuwa imeshazoea. Mmoja alishika njia ya zahanati mbio. Fundi seremala alifika kwenye stoo, akaliangalia kufuli la Mwenyekiti, akaliacha kama lilivyo. Aling'oa bawaba upande wa pili, mlango ukatoka mzima na kufuli lake likining'inia, akauegemeza ukutani kwa adabu. Kitanda kikatoka, mapipa yakatoka. Bibi akalazwa, turubai chini yake, ndoo chini ya tundu, kanga ya muuza mkaa juu yake.

Kila mtu alikaza macho kwenye kazi yake.

"Mbona mmenuna?" Mama mkwe aliuliza, macho yamefumba. "Si mlisema mtacheka? Nimelala kwenye kitanda chenye tundu, na bado hamcheki?"

Muuza mkaa alipiga kicheko na chozi pamoja. "Bibi, tundu lenyewe fundi kalipima kwa mkewe. Wewe utapenya!"

"Akipenya tunayo ndoo!" mwingine akadakia, na watu wakacheka, na bibi akanywa kijiko, na safari hii kikakaa.

Muuguzi alifika anahema, kitanda kikiwa kimeshapakiwa mkokotenini, akapapasa kifundo cha mkono, akachoma sindano, akatundika chupa ya maji kwenye mpini wa ufagio alioushikilia mtu juu ya mkokoteni. "Mmewahi," alisema. "Twendeni. Na nyumba zote mbili za jirani ziangaliwe."

Ndipo honi ikasikika. Gari la mgeni liliingia barabarani, refu, jeusi, likakuta mkokoteni katikati, wanawake kila upande, na pipa la kunawia mbele kabisa. Mwenyekiti alikimbia akipunga mikono, sijui analisimamisha au analiomba radhi.

"Bibi anapita kwanza," Kipaza alimwambia dereva. Hakupaza sauti, hakuwa na haja. "Ninyi mtasubiri. Na mkishuka, mikono kwanza."

Alifungua bomba la pipa. Maji yenye harufu kali ya dawa yakaanza kutiririka. Mkokoteni ulikuwa umeshaanza kuondoka, na juu yake mkono mwembamba ulionekana ukinyanyuka, kidole kimeelekezwa nyuma.

"Aanze huyo mwenye tai!" Mama mkwe alisema. "Na asugue mpaka kwenye kucha!"

Mwenyekiti alisimama kidogo, watu wote wanamtazama, na mgeni akimtazama kwa dirishani. Kisha akakunja mikono ya koti.