Mafuta ya Kukamulia

"Rudi Bungoma ukalime mihogo! Shaba imekushinda!"

Kipyego alisimama upande wake wa seng'enge, ndoo ya maziwa miguuni. Sauti yake ilifika hadi kwa jirani yao Mama Kageha, ambaye aliacha kufua ili asipitwe na neno.

"Kwetu ni hapa Kiplombe," Wanyonyi akafoka. "Ploti nilinunua kama wewe, siku tuliyogawana shamba la mzungu. Na waya wa kiwandani unauharibu makusudi, mbwa wewe!"

Wote wawili walikuwa vibarua wa kiwanda cha waya wa kuchomelea vyuma. Wanyonyi akishauosha waya kwa asidi na kuusuuza, Kipyego huutundika kwenye ndoano, kisha Wanyonyi anautumbukiza kwenye tangi la dawa ya shaba, utoke umevikwa shaba. Siku hizi shaba ilibambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Wanyonyi alibadilisha asidi, akasugua tangi. Wapi! Na Kipyego, kwenye foleni ya chai, akatangaza kwamba mla mihogo hajui kuosha chuma. Nyapara akakata maneno: ikibambuka tena kesho, Wanyonyi asirudi.

Jambo moja tu Wanyonyi alikuwa ameliona. Kwenye waya safi, maji ya kusuuza hutandaa. Kwenye huu mbaya yalijikusanya matone matone, na hapo hapo ndipo shaba ilipokataa kushika.

"Unataka kazi yangu umpe shemeji yako!"

"Shemeji yangu angalau ana akili!"

Wanyonyi akanyakua debe la maji ya kuku, akammwagia. Kipyego akakinga uso kwa mikono, akitukana kwa Kinandi. Debe likabaki hewani. Kwenye viganja vya Kipyego maji yalisimama matone matone, yakiteleza kama juu ya jani la sukuma wiki.

"Mikono yako ina nini?"

"Mafuta ya kukamulia. Ng'ombe aliyezaa juzi juzi utamkamua kwa mikono mikavu, umchubue chuchu? Mtu ambaye hana hata mbuzi atajua nini?"

"Na asubuhi, kabla ya zamu?"

Kipyego akainama kuichukua ndoo yake. Mkewe, Jelagat, ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Asubuhi? King'ora kikilia anajifuta kwa suruali, anakimbia! Hanawi huyo!"

Mama Kageha akacheka hadi sabuni ikamwanguka.

"Basi ni mafuta yako yanayobambua shaba! Utamwambia nyapara wewe mwenyewe," Wanyonyi akasema.

"Anifukuze mimi?"

"Mimi nilikuwa nafukuzwa na ulikuwa unachekelea!"

Jelagat akatoka na jivu, sabuni na birika la maji moto. Akamsugua mumewe kama sufuria iliyoungua, kisha akammwagia maji. Safari hii yalitandaa. Wanyonyi aliinama juu ya seng'enge, akavikagua vile viganja.

"Kesho hivyo hivyo, mbele ya nyapara," akasema.

"Nitanawa. Na nitamwambia," Kipyego akanguruma, bila kumtazama.

"Mtaenda pamoja," Jelagat akasema. "Sasa wewe Wanyonyi, acha kunipindia seng'enge. Pitia langoni, unawe, uingie ule. Ugali unapoa."