Mitungi Mitupu Mlangoni

Saa nne asubuhi, siku ya mwisho ya kuandikisha wagombea, wanawake wa kikundi cha kina mama walikuwa wamejipanga safu mbili mbele ya ofisi ya chama ya Dhaulapani, katika milima ya Nepal. Kila mmoja alishika mtungi wa shaba uliojaa maji, na maua kwenye mdomo wa mtungi. Anayekwenda kwenye jambo kubwa hupita kati ya mitungi iliyojaa. Akikutana na mtungi mtupu mlangoni, siku hiyo hatoki.

Nandakali Rokaya ndiye aliyewaita. Alikuwa makamu mwenyekiti wa halmashauri kwa miaka mitano, na chama kilimwahidi kwamba safari hii angegombea uenyekiti. Mwenyekiti, Dambar Shahi, alikuwa na goti bovu lililomuuma kila theluji ilipoanza, na halikupata nafuu popote ila Kathmandu. Miezi hiyo Nandakali ndiye aliyeendesha halmashauri.

Katibu Lokraj Hamal alimpokea ndani.

"Dada Nanda, keti kwanza. Chai?"

"Nimekunywa nyumbani. Jina limepitishwa?"

"Limepitishwa. Ni kaka Dambar tena."

"Na umakamu?"

"Tumewaachia wenzetu wa muungano. Wamemweka Jagat."

"Jagat yule mwenye kinu?"

"Kwani Dhaulapani ina Jagat wangapi?" Wanaume walioegemea ukuta wakacheka.

Sheria inasema chama kikisimamisha wagombea wa uenyekiti na umakamu, mmoja wao lazima awe mwanamke. Chama kikisimamisha mmoja tu, sheria haina la kusema. Vyama viwili viligawana nafasi, kila kimoja kikaweka mwanamume.

"Kumbe muungano hamkuutafuta kwa ajili ya kura," Nandakali alisema. "Mliutafuta ili mnitoe mimi."

"Siasa hiyo, dada. Kuwa na subira. Kuna nafasi kwenye kamati ya wilaya."

"Ya kupika chai?"

Lokraj alichukua sahani ya unga mwekundu wa baraka akamkabidhi. "Mpake mgombea wetu. Mkono wako una bahati."

Dambar alikuwa amesimama mbele yake, kichwa ameshakiinamisha. "Haraka kidogo, shemeji. Goti."

Nandakali aliitazama ile shingo iliyoinama.

"Wanaume waliowavunja wake zao meno walikaa mbele yangu kwenye baraza la halmashauri wakinitukana, nikawahukumu," alisema. "Nyinyi mlikuwa wapi? Mlikuwa kwenye duka la chai mnacheka nao. Bomba la maji la juu nilipanda kulikagua kwenye barafu, wewe Dambar ukalizindua kwa mkasi. Leo nikupake rangi? Jipake mwenyewe!"

Akatoka na sahani mkononi.

Wa kwanza kwenye safu alikuwa mama mkwe wake, Jasubha, ambaye Nandakali alipochaguliwa kuwa makamu alikaa msimu mzima bila kumsemesha, kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa akisafiri na wanaume wasio ndugu.

"Mbona peke yako? Wako wapi hao?"

"Si mimi, mama. Ni Dambar. Maji haya mmemchotea Dambar."

"Dambar?" Jasubha aligeuka akautazama mteremko wa mtoni. "Nimepanda huko na mgongo huu kwa ajili ya Dambar?"

Alichovya kidole kwenye unga, akaubandika katikati ya paji la uso la mkamwana wake. "Pita."

Nandakali akapita kati ya mitungi. Alipofika mwisho wa safu, Jasubha alimwaga maji yake yote kwenye ngazi ya ofisi, akaweka mtungi mtupu kizingitini. Wenzake wakafuata.

Dambar alifika mlangoni, akasimama.

"Kina mama, mchezo gani huu?" Lokraj alisema nyuma yake. "Ondoeni vyombo."

"Ondoa wewe," Jasubha akamjibu. "Huna mikono?"

Ilani ya chama iliyobandikwa mlangoni iliahidi kukomesha imani za kishirikina katika kila kata. Lokraj hakugusa mtungi hata mmoja.

Kwenye ofisi ya uchaguzi, ofisa alimwuliza Nandakali chama chake.

"Sina."

"Mgombea huru?"

"Huru. Andika."

"Nahitaji mpendekezaji na mwungaji mkono, wapiga kura wa hapa."

Jasubha alikuwa ameshakitia wino kidole gumba. Nafasi ya mwungaji mkono waliigombania wanawake watano hadi ofisa akapiga meza.

Mchana Lokraj alipiga simu. "Umeshafukuzwa chamani, dada. Umeyataka mwenyewe."

"Asante kwa kunipigia. Mlipomchagua Jagat hukunipigia."

Alasiri Dambar alitokea kwenye ofisi ya uchaguzi, na matope kwenye suruali. Alikuwa ametoka kwa dirisha la jikoni la ofisi ya chama, ambalo liko juu kuliko kichwa cha mtu, akarukia shamba la viazi.

"Mungu mkubwa," Jasubha alisema, ili wote wasikie. "Goti limepona."

Saa kumi na moja ofisa alifunga mlango, akabandika kwenye ubao majina ya wagombea wa uenyekiti kwa mpangilio wa kufika. Yalikuwa mawili. La Nandakali Rokaya lilikuwa juu.