Matuta ya Shangazi Josefina

Ijumaa hiyo pikipiki ya Hiza ilitoka Handeni alfajiri ikiwa imebeba mkewe Edna, mtoto mgongoni kwa mama yake, na skii mbili zilizofungwa ubavuni kwa mpira. Walipoingia Korogwe, kila aliyewaona alikuwa na swali lile lile.

"Mbao hizo mnauza?"

"Haziuzwi!" Edna alijibu, meno yote nje. "Ni za kutelezea!"

"Utelezee wapi, mama, na jua hili?"

Edna akazidi kucheka. Angewaelezaje watu wa stendi? Miaka minne nyuma alikwenda Austria kulea mtoto wa watu. Mtoto mwenyewe akagoma kwenda kujifunza kuteleza kwenye theluji mpaka dada Edna naye ajifunze. Basi dada akajifunza. Mtoto alichoka baada ya wiki mbili, dada hakuchoka. Kocha mmoja aitwaye Greta akamwona, akampeleka kwenye mteremko wenye matuta, ule ambao mtu hushuka magoti yakipanda na kushuka kama sindano ya cherehani huku kifua kimetulia tuli, kisha huruka hewani mara mbili kabla ya kufika chini. Edna alipofika chini siku ile ya kwanza alikuwa amepoteza kofia, glovu moja na akili zake zote. Akaomba arudie.

Mkataba ukaisha, akarudi, akaolewa, akamzaa Amne. Alidhani yameishia hapo. Mwaka huu Greta akaandika: anakusanya timu ya watu wa nchi zisizo na theluji, waanze mashindano madogo, wakusanye pointi, wasogee hadi kwenye makubwa. Imebaki nafasi moja. Kamati ya timu hiyo haiamini kwamba mtu wa Tanzania bado anaweza, kwa hiyo inataka video moja, isiyokatwa, yenye matuta ishirini na miruko miwili. Mwisho Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

Ndiyo leo.

Kwa miezi minane Edna alikuwa akifanya mazoezi Kerenge, kwenye kilima kinachomwagiwa mabaki ya mkonge. Yakiloweshwa maji, mabaki hayo huteleza kama mlenda, na huwasha kama upupu. Kilichokosekana ni matuta. Akampigia simu shangazi yake Josefina, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima: "Shangazi, nitengenezeeni matuta kilimani. Mengi." Shangazi akasema hilo tu? Lala usingizi.

Walipofika, kikundi kizima kilikuwa kimejipanga chini ya kilima, majembe begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu Mzigua wako amekula? Maana nasikia huko kwenu Handeni mvua ni hadithi ya babu."

"Tumekula, shangazi," akasema Hiza. "Tumewaachia Wasambaa njaa yao."

Wakacheka, kisha shangazi akanyoosha mkono kuelekea kilimani kama bibi harusi anayeonyesha pete. Edna akatazama. Yalikuwa matuta thelathini, yamenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, yamepimwa kwa ile fremu ya miti mitatu yenye kamba na jiwe aliyowafundisha bwana shamba. Na kwa kuwa tuta tupu ni aibu, juu yake walikuwa wamepanda marando ya viazi vitamu.

"Hata tone la maji halipiti!" shangazi akajisifu.

"Shangazi... nami pia sipiti."

"Husemi kweli."

"Nataka yaachane. Nipite katikati, huku, kule."

"Miaka ishirini nafundishwa kuzuia vitu visishuke," shangazi akasema, mkono kiunoni, "leo nizibomoe kazi za watu ili mtu ashuke? Pita kwanza tuone."

Edna akavaa viatu vyake vizito na helmeti ya pikipiki, akapanda juu, akafunga skii, akajiachia. Tuta la kwanza likamnyanyua. La pili likamrusha. La tatu hakuligusa kabisa. Alilipita angani, akatua kwenye la tano kwa tumbo, mdomo umejaa marando.

Amne, mikononi mwa baba yake, akapiga makofi. "Mama, tena!"

Kikundi kikaanguka kwa vicheko. Shangazi alicheka mpaka akakalia jembe lake.

"Basi, basi! Unayatakaje hayo matuta yako?"

Edna akatafuta maneno. "Kama... kama matofali ukutani. Nafasi ya mstari wa chini itazamane na tuta la mstari wa juu."

Loveness, aliyejijengea nyumba yake kwa mikono yake, akaruka. "Kumbe ukuta! Si ungesema tangu jana!" Akakamata jembe. "Na hiyo miruko?"

"Tunahitaji mbao pana mbili za kurukia."

"Mlango wa choo changu una kazi gani mchana? Kauleteni," Loveness akasema. "Na wa jirani pia."

Walifanya kazi hadi saa kumi na moja, wakiimba, wakijikuna, wakimwaga maji kwa ndoo. Hiza akasimama chini na simu. Edna akashuka. Tuta, nafasi, tuta, nafasi, magoti pamoja, mruko wa kwanza huo! Vigelegele vikapasuka, na kabla hajaufikia mlango wa pili akina mama sita walikuwa wamekimbilia katikati ya njia kumkumbatia.

"Bado!" Edna akalia akicheka, amelaliwa na watu wanne. "Bado mmoja, jamani!"

Ikabaki nusu saa. Shangazi akatoa amri: kila mtu ajizibe mdomo kwa khanga na akae chini. Edna akapanda tena, mapaja yakiwaka moto, ngozi ikimwasha kila mahali. Kutoka juu aliona macho tu, macho mengi juu ya khanga, yametoka pima. Akavuta pumzi, akajiachia.

Safari hii hakufikiri. Magoti yalijua. Mruko wa kwanza, miguu ikatanuka hewani na kurudi. Matuta tena, haraka zaidi. Mlango wa choo ukalia *ngo!* naye yuko juu, juu kabisa, akauona mkonge wote wa Kerenge umelala chini yake, kisha akatua, akayumba, akasimama.

Hakuna aliyethubutu kutoa khanga mdomoni mpaka Hiza aliposema, akitazama simu, "Imeingia yote."

Video ikaenda saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Saa kumi na mbili na robo simu ikalia, sauti ya Greta. Edna alisikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena.

"Sema basi!" shangazi akafoka.

"Anasema mruko wa pili ulikuwa mfupi."

"Mfupi? Mlango mzima ule?"

"Anasema tutaurekebisha huko huko. Desemba. Wamenichukua, shangazi."

Edna akamrudishia Hiza simu. Akakaa chini pale pale kwenye mkonge mbichi, akicheka na kujikuna, na kikundi chote kikamwangukia.