Swichi ya Jikoni

Binti yangu Sheryl alisema hatamleta tena Nangila kwangu mpaka swichi zibadilishwe. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amempakata mtoto, akimpuliza kidole kilichopigwa na stima, na mimi nikajibu sawa.

Swichi iliyompiga ilikuwa ya jikoni. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika kwenye kona, na pale palipovunjika shaba ilionekana. Mke wangu Akello alikuwa akikaanga samaki wa kuuza hapa Kisian, kando ya barabara ya Busia. Mikono yake ilikuwa na mafuta wakati wote, kwa hiyo taa aliiwasha kwa kiwiko. Kiwiko kilikila kile kifuniko kidogo kidogo. Mimi na yeye tulijua pa kugusa. Nangila hakujua. Alitoka kunawa, akanyoosha kidole kibichi.

Akello tulimzika kabla ya mvua kuanza. Watu waliponiuliza ninajisikiaje, nilitafuta ndani yangu cha kuwaambia na sikukipata. Nilisema niko tu. Hilo halikuwa uongo.

Sheryl ndiye mtoto wetu pekee. Ameolewa na Waswa, Mbukusu, na wanakaa Bungoma. Baada ya mazishi Waswa alinipigia simu akasema, "Baba, njoo ukae na sisi." Alijua siwezi. Kwetu mzee halali katika nyumba ya mkwe wake, na kwao pia mambo ni hivyo hivyo, lakini alisema kwa heshima na mimi nikamshukuru. Kwa hiyo wao ndio waliopaswa kuja kwangu. Nangila akikatazwa kuja, Sheryl naye atakuja mara chache, na nyumba hii itabaki na mimi na friji.

Wakiwa bado hapa kwangu, nilikwenda kununua swichi kwa Wechuli, mwenye duka la vifaa pale senta.

"Mzee, chukua hizi za dhahabu," alisema. "Ndizo watu wanaweka siku hizi."

"Nipe nyeupe."

"Nyeupe zinashika uchafu."

"Za dhahabu zinaenda kanisani?"

Alicheka, kisha akakumbuka kwamba mimi ni mfiwa, akaacha kucheka. Nilitaka kumwambia aendelee. Haikunisumbua. Hakuna kilichokuwa kinanisumbua.

Swichi za sebuleni na za ukumbini nilizibadilisha kama ninavyojua. Kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, na mambo ya stima nilijifunza mwenyewe kwa kufungua vitu na kuvifunga. Kwanza niliweka testa kwenye soketi nikaona kitaa chake kinawaka, ili nijue ni nzima. Nikazima meinswichi, ile swichi kuu ya nyumba. Nikafungua skrubu mbili, nikavuta swichi nje polepole, nikaweka testa kwenye kila waya. Haikuwaka. Nyumba yetu ina waya za zamani, nyekundu na nyeusi, na mtu anaweza kudhani nyeusi haina neno. Kwenye swichi, nyeusi nayo hubeba moto taa ikiwashwa, kwa hiyo niliizungushia kipande cha utepe mwekundu ili atakayefungua baada yangu ajue. Waya wa ardhi niliufunga kwenye boksi la chuma. Kila waya nilipomaliza kuubana niliuvuta kidogo kuona kama umeshika.

Nangila alikuwa anatazama akiwa mlangoni.

"Babu, mbona unaivuta na umeshaifunga?"

"Nione kama itatoka."

"Ikitoka?"

"Basi sikuwa nimeifunga."

Alifikiri, akaenda kuvuta sidiria ya mama yake iliyoanikwa kwenye kamba ya nguo, na Sheryl akamuita kwa majina yake yote.

Kesho yake walikuwa waondoke baada ya chakula cha mchana. Zilibaki swichi mbili, ya jikoni na ya chumbani kwangu. Asubuhi, kabla sijaanza, tokeni za stima zikaisha. Friji ikanyamaza. Sheryl alikuwa nje anaosha vyombo.

Nilichukua bisibisi nikaenda jikoni, nikaanza kufungua swichi.

Hapa kwetu watu wengi hufanya hivyo. Tokeni zikiisha wanasema stima imekwenda, basi wanafungua soketi, wanabadilisha holda ya balbu, wanakata waya kwa kisu cha jikoni. Kule kibandani niliwaambia wateja mara nyingi kwamba tokeni si meinswichi. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kukurudishia stima, tena akiwa na nia njema kabisa. Niliwaambia hata wale ambao hawakuja kwa habari hiyo. Sheryl alikulia akisikia maneno hayo, mpaka akawa anayamalizia kabla yangu.

Siwezi kusema nilisahau. Nilipita mbele ya meinswichi nikaiona. Testa ilikuwa mfukoni.

Nilitoa swichi mbovu, nikaanza kufunga mpya. Waya mwekundu ulikuwa umeingia mahali pake, naukaza, kidole changu cha shahada kikiwa karibu na shaba, karibu sana. Ndipo friji ikatetemeka na kunguruma.

Nilielewa mara moja. Sheryl alikuwa amenunua tokeni kwa simu na kuziingiza kwenye kibodi ya mita iliyoko sebuleni. Nilijua pia cha kufanya, kwa sababu ni kitu kimoja tu: kutoa mkono. Sikuutoa. Niliutazama. Ulionekana kama mkono wa mtu mwingine ambaye nimeambiwa nimsubiri.

"Baba, nimekuwekea tokeni za mwezi, usiwe unakaa gizani," Sheryl alisema akiingia, simu mkononi. Kisha akasimama. Aliangalia ukuta, akaangalia kidole. "Umezima meinswichi?"

"Tokeni zilikuwa zimeisha."

"Sikuuliza tokeni."

Hakunivuta. Mtu aliyefundishwa hamvuti aliyekaribia moto. Alirudi nyuma, nikasikia meinswichi ikigonga, na friji ikanyamaza tena. Aliporudi alisema, "Sasa toa mkono," na mimi nikautoa.

"Ulisikia friji," alisema.

"Nilisikia."

"Ukajua imerudi."

"Ndiyo."

"Na mkono ukauacha hapo."

"Ndiyo."

Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, na sufuria aliyokuwa amebeba kwapani akaiweka kando.

"Ulitaka kufa, Baba?"

Nilitafuta jibu la kweli. "Hapana," nilisema. "Sikutaka chochote. Sikutaka hata kuutoa."

Hakulia. Pengine angelia ningejua la kufanya. Tulikaa hivyo mpaka Nangila akaja.

"Stima imepotea tena?"

"Mama ameizima," nilimwambia.

"Na ndio imekuja sasa hivi."

"Anaogopa itaniuma."

"Mimi iliniuma hapa." Alinionyesha kidole, ingawa hakikuwa na alama tena. "Wewe ilikuuma wapi?"

"Haikunifikia."

"Una bahati," alisema, akachukua sufuria akaenda nayo nje.

Sheryl aliinuka. "Imalizie. Mimi nitasimama kwenye meinswichi. Useme kila unachofanya, kwa sauti nikusikie."

"Mimi si mwanafunzi, nyathina, mwanangu."

"Leo ni mwanafunzi."

Nilimwambia awashe kwanza, nijaribu testa kwenye soketi. Aliwasha. Nikamwambia azime. Alizima. Nilisema naweka testa kwenye nyekundu, haiwaki, naiweka kwenye nyeusi, haiwaki. Nilisema nakaza. Nilisema navuta, haitoki. Nilisema nafunga kifuniko, skrubu ya kwanza, skrubu ya pili. Kila mara alijibu "ndiyo" kutoka sebuleni, na nikagundua kwamba nilikuwa nangoja hiyo ndiyo kabla ya kuendelea.

Taa iliwaka vizuri. Tulikula. Alipokuwa anafunga virago nilimwona akichukua ile swichi ya mwisho, ya chumbani kwangu, akaitia kwenye mkoba wake pamoja na bisibisi na testa.

"Hiyo bado," nilisema.

"Tutaiweka mimi na wewe nikija Jumamosi."

"Ya chumbani ni nzima tu. Imezeeka."

"Basi itangoja."

Nilimuuliza kuhusu Nangila. Alikuwa anahangaika na zipu.

"Nilisema swichi kwa sababu nilidhani tatizo ni swichi," alisema. "Siwezi kumwacha na mtu anayeangalia mkono wake hivyo. Kumwacha, hapana. Kuja naye, sawa, nikiwa nimekaa hapa. Na Jumamosi kabla hatujatoka nitapiga simu. Uishike wewe mwenyewe. Usimpe jirani akaniambia umelala. Usiposhika, yeye anabaki kwa baba yake na mimi nakuja peke yangu."

"Sawa."

"Usiseme sawa kama ulivyosema ile siku."

Sikujua njia nyingine ya kuisema, kwa hiyo nilisema nitashika.

Siku zilizofuata nililala, nikaamka, nikafagia uwanja. Majirani walipita. Jumamosi nilibeba simu kwenye mfuko wa shati tangu alfajiri, na ilipoita nilikuwa kisimani. Niliacha kamba, ndoo ikazama, nikashika.

"Uko?" Sheryl aliuliza.

"Niko."

"Tumepanda gari. Nangila anauliza kama kuna kitu cha kuvuta."

"Kuna ndoo kisimani," nilisema.

Alicheka. Baada ya simu nilisimama pale nikitazama maji. Nilikuwa na njaa. Nikaingia ndani kutafuta unga.