Stesheni ya Mengineyo

Usiku wa kuamkia siku ya kikao, Mwantumu binti Shekivuli aliota kwamba yuko kikaoni tayari, amekaa kwenye benchi la madiwani na mkoba wake mapajani. Hakuna aliyemwambia kuwa bado amelala.

Mwantumu alikuwa fundi cherehani wa Mgambolwe, mji mdogo wa kando ya reli, miaka ile ambayo bendera mpya ilikuwa haijapauka na halmashauri ilikuwa ikidai kibati cha leseni kwa kila baiskeli. Miongoni mwa madiwani, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Tangu achaguliwe alikuwa na neno moja la kusema. Chumba cha wazazi pale zahanati kilikuwa kimepigwa kufuli, ndani halmashauri imerundika viti vibovu na baiskeli ilizokamata, na wanawake wa mji wakawa wanajifungulia barazani, nyuma ya shuka iliyotundikwa kwenye kamba. Kila akinyoosha mkono, Mwenyekiti, Bwana Mgaza, humwambia kwa upole, "Bibi Diwani, hilo litakuja kwenye mengineyo." Mengineyo yako mwisho wa ajenda, na kikao hufungwa kabla hakijafika huko.

Safari hii hakuwa na muda wa kungoja. Chumba cha pili alikuwa amelala Mwanahiba, binti wa marehemu dada yake, tumbo limeshuka na siku zimetimia.

Basi kule ndotoni ilikuwa asubuhi, jua kali. Kengele ya mezani ikakohoa, ikajifuta mdomo, ikasema:

"Kikao kimefunguliwa."

Paa la ukumbi likainuka kama kifuniko cha sufuria, likasogea pembeni. Jua likawashukia wote. Mwantumu akatazama juu, akaona tai mmoja anazunguka. Madiwani wenzake walitoa leso wakajifunika vichwa, wakaendelea kusoma ajenda kana kwamba vikao vyote hufunguliwa hivyo.

"Litarudi lini?" Mwantumu akamuuliza Kengele.

"Kikifungwa," Kengele akajibu.

Mlango wa nyuma ukasukumwa. Wakaingia watu wafupi, kimo cha mtungi, wamevaa kofia za askari wa halmashauri na soksi ndefu. Walipita chini ya madawati wakikagua miguu ya watu. Mmoja akasimama mbele ya Mwantumu, akafungua peni.

"Una baiskeli?"

"Sina."

"Kibati chake kiko wapi?"

"Kibati cha nini? Nimesema sina baiskeli."

Yule mtu mfupi akaandika. "Hana baiskeli, na hiyo asiyokuwa nayo haina kibati. Hayo ni makosa mawili."

"Nyinyi ni akina nani?" Mwantumu akauliza.

"Sisi ni sheria ndogo."

"Na zile kubwa?"

"Ziko makao makuu. Huku hazifiki, barabara mbaya." Akavuta soksi zake, akaenda kumkagua diwani mwingine.

Mwantumu alijua jambo moja, kwamba akikaa kimya siku itakwisha. Akanyoosha mkono.

"Bwana Mwenyekiti, nina hoja. Ni juu ya chumba cha wazazi."

Bwana Mgaza akamtazama juu ya miwani. Ndotoni alikuwa mpole vilevile kama alivyo mchana. "Bibi Diwani, unajua taratibu zetu. Hapa mtu hasemi hivi hivi tu. Sharti upitie kiti."

"Nimeomba kwako, Bwana Mwenyekiti."

"Mimi ni mwenye kiti. Kiti chenyewe ndicho hiki." Akasimama, akasogea kando, akakikung'uta vumbi kwa mkono.

Kilikuwa kiti cha mkwaju cha zamani, kilichoachwa na wazungu, chini yake giza. Madiwani wote wamegeuka, wanamngoja. Mwantumu anauliza kama ni lazima. Mtu anasema ni lazima. Basi anajifunga kanga vizuri kiunoni, anapiga magoti, anaingiza kichwa katikati ya miguu ya kiti.

"Taratibu," Kiti kinasema. "Nina mguu mmoja una ufa."

"Samahani."

"Wengi hawapiti. Husema 'kupitia kiti chako' halafu wanakaa palepale. Wewe ni wa kwanza kuingia. Mbele kuna giza kidogo, shika ukuta."

Anatambaa. Panakuwa parefu kuliko kiti chochote alichowahi kukiona, na pananuka rangi ya mbao na suruali za wazee. Mbele anaona mwanga. Anatokeza kichwa, halafu mabega, na anajikuta anasimama kwenye jukwaa la stesheni ya gari moshi, mchana kweupe, upepo unapuliza. Kuna kibao cheupe chenye maandishi meusi: MENGINEYO.

Akageuka kutazama alikotoka. Nyuma yake palikuwa na reli tu.

Stesheni ilijaa. Kwenye benchi refu lilikuwa limelala daraja zima, limekunja miguu lisiwasumbue wengine. Karibu yake taa ya barabarani imejiegemeza ukutani, na pembeni, peke yake, kimesimama choo cha soko, kimevaa koti na kushika kofia mkononi.

"Karibu, mama," Choo kikasema kwa adabu. "Nisamehe kwa kusimama mbali. Watu huwa wanapenda hivyo."

"Asante. Hapa ni wapi?"

"Mengineyo. Tuliosogezwa mbele wote tuko hapa. Wewe umesogezwa lini?"

"Mimi si jambo. Mimi ni diwani."

Daraja likafungua jicho moja. "Diwani! Kikao kimefika, jamani!"

Stesheni nzima ikasimama. Taa ikajaribu kuwaka. Mwantumu akawaonea huruma, akaharakisha kusema kuwa amekuja peke yake, na wala hajui amefikaje. Wakakaa tena, polepole.

"Huwa tunakisikia kinakaribia," Daraja likamweleza. "Tunasikia viti vinavutwa, mtu anasema 'sasa tunaingia mengineyo', tunajifunga viatu. Halafu wanaomba dua wanakwenda kula. Mimi nimekaa hapa tangu enzi za Mjerumani. Mto wenyewe siku hizi umehama."

"Sasa utavusha watu wapi?"

"Hilo swali," likasema Daraja, "nalo limesogezwa mbele." Likafumba jicho.

Mwantumu akaanza kutafuta cha kwake. Alipita katikati ya mabomba ya maji, mitaro, na mti mmoja wa kivuli uliokuwa haujapandwa, akiuliza kila mmoja. Mwishoni mwa jukwaa akamkuta mtoto wa kike, kimo chake cha kufika kiunoni, gauni lake limekatwa kwenye shuka. Mwantumu aliitambua shuka ile mara moja. Ilikuwa ile ya barazani pa zahanati, hata alama za kamba zilikuwa bado zinaonekana.

"Wewe ndiye hoja yangu?"

"Ndiyo, mama. Nimekungoja."

"Simama twende. Kikao bado kipo wazi, nimeacha paa limetoka."

Mtoto akasimama. Mikono ya gauni ikaning'inia mitupu kama nguo kwenye kamba.

Mwantumu akaipapasa. "Mikono yako iko wapi?"

"Sijaungwa mkono," mtoto akajibu, wala hakulalamika, kama mtu anayetaja jina lake. "Hoja isiyoungwa mkono haipiti mlangoni. Hata kitasa siwezi kushika."

"Chukua wangu."

"Wako hautoshi. Wewe ndiye mtoa hoja. Lazima uwe wa diwani mwingine."

Mwantumu akatazama huku na huku. Mwisho wa jukwaa, mahali ambapo dakika iliyopita palikuwa na tangi la maji, sasa pana bucha. Ndani amesimama diwani mwenzake, Shechonge, mchinjaji wa sokoni, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo ambaye kikaoni hukaa karibu na dirisha na hajawahi kusema lolote zaidi ya "naafiki". Kwenye ndoano zake haikuning'inia nyama. Ilining'inia mikono, safi, imevikwa ncha za mashati zenye vifungo, imepangwa kwa heshima.

"Habari za kazi, kaka Shechonge."

"Nzuri, dada Mwantumu. Karibu."

"Hii ni nini?"

"Mikono ya waheshimiwa. Wanaiacha kwangu. Mwenyekiti akitaka wanaoafiki, napeleka, inanyooshwa, narudisha. Ukiiacha nje inaharibika."

Mwantumu akawaza namna ya kulisema, akaona hapana namna. "Nahitaji mmoja."

Shechonge akafuta meza iliyokuwa safi tayari. "Ya watu siwezi kukupa, dada. Nimeaminiwa."

"Na wa kwako?"

Nje, Choo kilikuwa kikimwambia mtu kwamba gari moshi halijawahi kusimama hapa.

"Wangu unajua ulikuwa wapi masika iliyopita?" Shechonge akasema mwishowe. "Mke wangu Sauda alishikwa na uchungu siku ya mvua. Walimlaza pale barazani. Upepo ukawa unaipeperusha shuka, watu wanapita sokoni, wanatazama. Nikasimama nimeishika, uso nimeugeuzia barabarani ili nisimwaibishe. Mkono huu. Mvua ilinipiga mpaka mtoto akalia." Akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni mgeni. "Kikao kilichofuata ulisema. Ulisimama ukasema. Nami kibanda changu cha nyama ni cha halmashauri, dada. Wakinifukuza nitauzia wapi?"

Mwantumu hakumlaumu. Alikuwa amechanganyikiwa mno hata kumlaumu mtu, na pia alimwamini. "Nani ataishika shuka ya Mwanahiba?" akauliza tu. "Baba wa mtoto yuko mkongeni, hajui hata siku."

Mchinjaji akafungua kifungo cha mkono wa shati. Kisha, kama mtu anayevua saa ili anawe, akauzungusha mkono wake kwenye kifundo, ukatoka. Haikutoka damu. Akauweka juu ya karatasi ya kufungia nyama, akausukuma mbele.

"Usiufunge," Mwantumu akasema. "Nautumia hapahapa."

Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ushungi wake, kama ilivyo kila siku. Uzi aliuchomoa kwenye pindo la gauni lenyewe. Akamketisha mtoto kwenye kaunta, akashona kwa mshono wa kurudi nyuma, ule anaoutumia kwenye magunia na kwenye nguo za watoto watundu. Mtoto hakulia. Ulipokwisha, mkono mkubwa wa mchinjaji ukaning'inia kwenye ncha ya mkono mdogo wa gauni, ukacheza vidole, ukajikuna pua.

"Unatosha?" Shechonge akauliza kwa wasiwasi.

"Ni mzito," mtoto akasema. "Lakini ni wa kweli."

Mara Kengele ikasikika, mbali. Viti vikavutwa. Stesheni yote ikainua vichwa, ikaanza kujifunga viatu.

"Wanafunga!" Daraja likalia. "Kimbieni!"

Wakakimbia, Mwantumu kashika mkono ule wa mchinjaji, mtoto anajikwaa. Jukwaa linageuka barabara ya sokoni, barabara inageuka korido, na kwa mbele Mwantumu anauona ukumbi. Kweli wanafunga. Bwana Mgaza na sheria ndogo wanakizungushia kikao kamba ya katani, wanakaza mafundo, na paa linashuka taratibu juu ya vichwa vya madiwani.

"Bwana Mwenyekiti! Hoja imeungwa mkono!"

Bwana Mgaza anaacha fundo nusu. Anamtazama mtoto, anautazama mkono, anamtazama Shechonge ambaye, ajabu, amekaa dirishani muda wote, mkono wake wa shati mtupu.

"Ni wako huo?" anamuuliza.

Kabla Shechonge hajajibu, mtoto ameunyoosha mkono ule juu kabisa, ameshika kizingiti cha juu, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Paa linazidi kushuka. Mtu anauliza, "Imepita? Imepita au haijapita?" Mwantumu anafungua mdomo aseme.

"Mama mdogo. Mama mdogo, amka, kuna mtu anapiga hodi."

Alikuwa Mwanahiba, amesimama mlangoni pa chumba, mkono mmoja kiunoni. Kumeshapambazuka. Mwantumu akakaa kitandani, kwa kitambo asijue kama ajibu kikaoni au ajibu hapa.

"Uchungu?"

"Kidogo kidogo. Tangu alfajiri. Lakini nenda kamwone mgeni kwanza, amesimama muda."

Akajifunga kanga, akafungua mlango. Nje alikuwa Shechonge, amevaa shati lake la kikao. Hakuwahi kufika nyumbani pale hata mara moja. Akampa mkono wa kushoto, akaona haya.

"Niwie radhi, dada Mwantumu. Najua si adabu. Wa kulia umeamka na ganzi."

"Ganzi ya nini?"

"Sijui. Sijaumia. Wala sijui kwa nini nimekuja huku, miguu imeshika njia yenyewe." Akaunyoosha aonyeshe.

Kuzunguka kifundo kulikuwa na vitundu vidogo vyekundu, vimepangana sawasawa, kila kimoja kimerudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Mwantumu akavitazama. Mshono ule angeutambua hata gizani.

"Unauma?"

"Hauumi. Ila haukai chini. Nikiusahau tu, unapanda."

Na kweli, walipokuwa wakiutazama wote wawili, mkono ukaanza kupanda, ukapita kiuno, ukapita bega, ukasimama wima juu ya kichwa chake. Shechonge akaushika kwa mkono wa kushoto kuushusha.

"Uache," Mwantumu akasema. Akamwita Mwanahiba ajifunge kanga mbili, akachukua mtandio wake msumarini. "Uache hivyohivyo, kaka. Tunapitia zahanati, kisha kikaoni."